Baridi Yabisi

Mzee wa Newala anayechua goti kwa mafuta ya ufuta asubuhi ya Julai, akilalamikia "baridi yabisi", anataja utabibu wa Wagiriki uliopitia kwa Waarabu: baridi na ukavu mwilini. Wachina nao walilaumu upepo, baridi na unyevu. Nadharia potofu, utasema. Sawa, lakini ndiyo iliyoitunza mimea ya dawa mpaka mkemia alipofika. Mfano ni Tripterygium wilfordii, mtambaazi wa Kichina: majaribio yameonyesha unatuliza viungo. Pia unaweza kudhuru ini na uzazi, jambo ambalo uzoefu pekee haulipimi vizuri. Huku kwetu, Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili 1974.