Kunasa na Kutambua

Neno kunasa, kwa asili yake, ni la mtegaji: ndege hunasa katika ulimbo, samaki akanasa katika jarife, wala mtego haujui umeshika nini hata mwenyewe aje autegue. Mashine ya kuhifadhi sauti katika utepe ilipotufikia, ikaitwa kinasasauti, na jina hilo likaafiki, kwa kuwa utepe ule uliyashika maneno yote, ya hekima na ya upuuzi, pasipo kufahamu hata moja.

Sasa twasikia istilahi ya unasaji wa matini na usemi, yaani kompyuta kujipatia maandishi na maneno bila ya mtu kukaa kitako akayapiga herufi kwa herufi. Rai yangu ni kwamba istilahi hiyo yatosha kwa nusu ya kwanza ya kazi tu; nusu ya pili yastahiki jina lake mbali, nalo ni utambuzi.

Maana hati ikipita chini ya skana, kinachonaswa ni vitone vyeusi na vyeupe. Na mtu akisema mbele ya maikrofoni, kinachonaswa ni vipimo vya mawimbi ya sauti, aghalabu 16,000 kwa kila sekunde. Hapo kompyuta ingali mtego. Utambuzi huanza inapolinganisha vitone na vipimo hivyo na mifano iliyofunzwa, ikahukumu kuwa hii ni herufi fulani, ama lile ni neno fulani. Mwaka 1952 mashine iitwayo Audrey, katika maabara za Bell huko Marekani, ilitambua tarakimu zilizotamkwa. Na mwaka 1976 mvumbuzi Raymond Kurzweil akadhihirisha mashine ya kuwasomea vipofu vitabu vilivyopigwa chapa.

Katika Kiswahili, ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na ngoa ni shauku ama wivu wa moyo. Skana huinasa alama ile ndogo ya ng' salama salimini, lakini utambuzi ukiidhania kuwa taka ya karatasi, ubeti mzima hupinduka maana. Kadhalika Mkongo atamkapo feza, sauti yake hunaswa kamili, ila mashine iliyozoea fedha ya watu wa pwani huenda isimtambue.

Basi tukitenga majina, tutajua na pa kutengeneza. Unasaji ukiharibika, hupanguswa kioo cha skana. Utambuzi ukikosea, hupaswa kufunzwa kwa maandishi na sauti za wasemaji wa kila bandari na kila bara, na darasa hilo halina mwalimu ila sisi wenyewe.