Kaurimetali: ugumu, ushupavu na ukakamavu

Itazame kwa karibu biti ya kutobolea zege kabla hujainunua. Mwili wake ni feleji, lakini kwenye ncha kumepachikwa kibamba kidogo cha kijivu, chenye kingo kali, kilicholehemiwa ndani ya mfuo. Kibamba hicho ndicho kinachokula zege. Feleji inakibeba na kukizungusha tu. Ndani ya kibamba mna punje za kabidi ya wolframu, ambazo ni kauri, zilizoshikwa pamoja na kobalti, ambayo ni metali. Mada kama hii napendekeza tuiite kaurimetali.

Jina lake la Kiingereza limeungwa kwa silabi mbili, moja ya kauri na moja ya metali. Ukilitohoa kama lilivyo unapata “semeti”, na mahali pa ujenzi neno hilo halitatofautishwa na simenti. Kaurimetali ni ndefu kidogo, lakini anayeisikia kwa mara ya kwanza anajua imetengenezwa kwa nini. Kauri tunaijua kwenye vikombe na sahani. Katika sayansi ya mada neno hilo limepanuka, likabeba oksidi, kabidi na nitridi, ila tabia ni ileile: havikwaruziki kwa urahisi, na vikianguka vinapasuka.

Jina la mada si tatizo kubwa. Kinachotatiza ni majina ya sifa zake. Vitabu vyetu vingi hutumia “ugumu” kwa kila kitu: kutokwaruzika, kutovunjika, kutopinda, hata mtihani usiofanyika. Kwa neno moja hilo huwezi kueleza kwa nini mtu aliamua kuchanganya kauri na metali.

Mchanganyiko huu ulizaliwa Berlin, kwenye kampuni ya taa ya Osram. Nyuzi za wolframu za ndani ya balbu zilivutwa kupitia matundu ya almasi, na almasi ilikuwa ghali. Kabidi ya wolframu ilikuwa ngumu sana, lakini ilipasuka. Karl Schröter wa Osram aliitia metali, na hataza ikaombwa mwaka 1923. Kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina la Widia, ufupisho wa maneno ya Kijerumani yenye maana ya “kama almasi”.

Unga wa kabidi na wa kobalti husagwa pamoja, hushindiliwa ndani ya kalibu, kisha huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 1,400 hivi za selsiasi. Kabidi haiyeyuki kwa joto hilo. Kobalti, kwa kuwa imenyonya sehemu ya kabidi, inayeyuka na kupenya katikati ya punje. Kipande kinasinyaa karibu sehemu moja ya tano kwa kila upande, na vitundu vyote vinazibika.

Sasa fikiria ufa. Ndani ya kauri tupu hauna wa kuuzuia; ukianza, unakwenda hadi mwisho. Ndani ya kaurimetali unapita punje moja, mbili, kisha unakuta utando wa kobalti. Metali hiyo haikatiki mara moja. Inanyooka, inavutika, na nyuma ya ncha ya ufa inabaki imezishika kuta mbili zisiachane. Nguvu iliyokuwa ya kuendeleza ufa inaishia kwenye kuikunja kobalti.

Sifa hiyo ndiyo ninayoiita ushupavu: uwezo wa mada kuuzuia ufa usisonge. Ugumu ubaki kuwa uwezo wa kupinga kukwaruzwa na kubonyezwa. Ukakamavu, kutokana na kukakamaa, uwe uwezo wa kupinga kupinda na kunyumbuka. Katika ukakamavu, kaurimetali ya wolframu huizidi feleji karibu mara tatu. Kwa ushupavu inashindwa na feleji mbali sana: ukiupima kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita, kauri ya alumina hupata 4 hivi, kaurimetali kati ya 8 na 20, na feleji nyingi hupita 50.

Ugumu na ushupavu huvutana. Kobalti ikiwa asilimia 6, ugumu kwa kipimo cha Vickers hufika karibu 1,500; ikifika asilimia 25 hushuka chini ya 1,000, huku ushupavu ukipanda. Kwa hiyo kisu cha mashine ya kukereza hupewa kobalti kidogo, na kifaa cha kupokea mapigo hupewa nyingi. Kukandamizwa, kaurimetali inakuvumilia sana; kupindwa haikupendi. Fundi anayeipepesa keekee pembeni ili kupanua tundu anakivunja kibamba.

Habari hizi si za mbali nasi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni. Wolframu huchimbwa Rwanda.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa karakana na waandishi wa vitabu vya ufundi: msiandike “ngumu” mnapotaka kusema “haivunjiki”. Andikeni ugumu, ushupavu, ukakamavu, kila moja na kipimo chake, na mwanafunzi aambiwe ni ipi inayohitajika kwa kazi iliyo mbele yake.