Koneksheni Si Anko Peke Yake

Hapa Kenya ukimwambia mtu unatafuta kazi, haulizi unajua kufanya nini. Anauliza unajua nani. Koneksheni kwetu ni anko aliye ofisini, ni mzee wa kanisa mwenye namba ya meneja, ni rafiki wa baba waliyesoma naye. Kama kwenu hakuna mtu wa aina hiyo, unaambiwa uombe Mungu.

Mimi ni dizaina. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilimshinda mama, na anko wa kunishika mkono hakuna. Ndiyo maana swali la jinsi watu wa kazi yetu walivyojuana zamani si la kupitisha muda kwangu. Nimelifuatilia kwa miezi, na jibu ni refu kuliko Instagram. Wasee, hii mitandao haikuanzisha kitu. Ilipanua barabara tu.

Anzia Mombasa. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake huko mwaka 1887, na mpaka leo kanga zake zinajulikana kwa chapa iliyo pembeni mwa kitambaa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Muulize nyanya yeyote wa Pwani. Sasa, kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno yanayosomwa chini. Chapa ya mwenye duka ipo, jina la kanga lipo, lakini aliyekaa chini akachora ile korosho na kulipanga pindo lote, huyo humsomi popote. Kazi yake ilivaliwa na mabibi harusi, ikabeba watoto mgongoni, na hakuna dizaina mwenzake angeweza kumtafuta akamwambia, "Kaka, hii pindo umeiua!"

Wachoraji wa mabango walikuwa wajanja zaidi. Pita mtaa wowote wa zamani uangalie ukuta wa kinyozi, bucha au duka la dawa. Pale kona ya chini, kwa herufi ndogo, utapata jina la aliyechora na namba yake ya simu. Hiyo kona ndiyo babu wa kutagi. Mwenye bucha jirani akipenda, anapiga. Na si wateja pekee waliokuwa wakisoma ile kona. Mchoraji mwingine akipita alijua nani anaweza nini, na akipata kazi kubwa ya kumzidi, alijua wa kumwita.

Kisha kuna matatu. Nganya ni ukuta unaotembea: unaonwa Rongai asubuhi na tao saa sita. Lakini kuanzia Februari 2004, sheria za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilitaka kila matatu iwe na mstari wa njano ubavuni, na michoro mingi ikapigwa rangi ikaisha. Fikiria wewe ni mchoraji. Usiku mmoja kazi zako zote zinazotembea mjini zimefunikwa, si kwa sababu ulichora vibaya, bali kwa sababu ukuta haukuwa wako. Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuirudishia sanaa hiyo uhuru miaka kumi hivi baadaye. Waliobaki kwenye kazi katikati ya kipindi hicho walibebwa na watu waliowajua, si na magari. Shika hiyo hapo, tutairudia.

Njia nyingine ilikuwa magazeti. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe hapa Nairobi, likawa na katuni na hadithi za maisha ya mjini. Kwa mchoraji, ukurasa kama huo ulikuwa mkutano: unaona mkono wa mwenzako, na yeye anauona wako. Lakini kila ukurasa una mhariri, na kila mhariri ana mlango. Ukikataliwa, hakuna mwingine wa kukuona.

Mtandao ulikuja na ahadi ya kuondoa huo mlango. Deviantart ilianza mwaka 2000, Behance ikafuata katikati ya mwongo huo. Lakini kwetu ilikuwa ahadi ya cyber, unahesabiwa dakika, picha moja inafunguka kutoka juu kwenda chini kama pazia. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na ndipo kupakia faili kubwa kukaanza kuwa jambo la kawaida badala ya jambo la kuomba.

Mwaka huohuo wa 2009 Dribbble ilifunguliwa Marekani. Sikiza hii vizuri. Ilikuwa sehemu ya madizaina kuonyesha kipande kidogo cha kazi wanayofanya, lakini huwezi kuweka kazi yako mpaka mtu aliye ndani akupe mwaliko. Watu waliomba mialiko kama viza. Wengine waliigeuza kuwa zawadi ya mashindano. Kwa hivyo hata huko, kwenye mtandao, anko alikuwa amekaa mlangoni. Amevaa tu fulana ya mpira wa kikapu.

Instagram nayo ilitoka Oktoba 2010 kwa iPhone peke yake. Hapa Kenya wakati huo simu iliyokuwa ikichangamsha vijana ilikuwa Ideos, ya Android, iliyouzwa shilingi 8,000 hivi. Tulisubiri mpaka Aprili 2012 ndiyo Instagram ikaingia Android. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini madizaina walionitangulia wanaikumbuka hiyo tarehe kama siku geti lilipofunguliwa. Hakuna mwaliko. Hakuna mhariri. Unapiga picha, unaweka jina lako, unatoka.

Kilichowaunganisha hasa, naona, ni kitu kidogo zaidi: heshitegi. Chris Messina aliipendekeza Twitter Agosti 2007, na ikawa kama jina la kijiwe. Huhitaji kumjua mtu yeyote, unahitaji kujua kijiwe chake. Mwaka 2014 madizaina wawili wa Barcelona walianzisha 36 Days of Type: siku 36, kila siku unachora herufi au tarakimu moja, kuanzia A mpaka Z, kisha 0 mpaka 9. Mtu wa Nairobi na mtu wa Lima wanachora G siku moja. Wanalinganisha. Mmoja anauliza, "Hiyo kona uliikunjaje?" Hapo ndipo koneksheni inapozaliwa, kwenye swali la kazi, si kwenye "hi dear, naomba kazi."

Halafu ukuta ukapigwa rangi tena. Machi 2016 Instagram ilitangaza kwamba picha hazitapangwa tena kwa saa zilipowekwa. Mashine ingechagua nini uone kwanza. Baadaye video fupi zikawa mfalme, na mtu aliyekuwa na wafuasi elfu kumi akajikuta anaonwa na mia tatu. Google+ ilifungwa kabisa kwa watu wa kawaida Aprili 2019, pamoja na vikundi vyote vya wabunifu waliokuwa wamejenga humo. Unaona sasa kwa nini nilikwambia ushike ile hadithi ya matatu? Michuki na algoriti hawajawahi kukutana, lakini somo lao ni moja. Ukuta ni wa kuazima. Mtu uliyemjua kupitia ukuta, huyo ni wako.

Ndiyo maana huwa sielewi watu wanaohesabu wafuasi wakidhani wanahesabu koneksheni. Mfuasi anakuona. Koneksheni inakukumbuka ukiwa haupo. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilitoka kwa dizaina wa Kisumu ambaye sikuwa nimewahi kuonana naye. Kwa miezi saba tulikuwa tunabishana kuhusu herufi tu: kwa nini mabango yetu yote yanatumia fonti zilezile tatu, kwa nini hakuna anayejali nafasi kati ya mistari. Siku moja alipata kazi ya chapa ya mkahawa akiwa amebanwa, akanitumia namba ya mteja. Hakunijua kwa ukoo wala kwa cheti. Alijua tu nikisema kitu kuhusu herufi, huwa nimefikiria.

Kuna mtu atasema hiyo ni bahati. Sawa. Lakini angalia Juni 2024. Mswada wa fedha unajadiliwa bungeni, na ghafla mabango yanajaa kwenye simu zetu: saa, mahali, sababu, kwa rangi na herufi zilizopangwa na watu wanaojua kazi. Wengi wa madizaina hao hawakuwa na ofisi moja wala kiongozi mmoja. Mtu aliacha faili wazi, mwingine akaipokea, akabadilisha jina la mji, akaipitisha. Na hawakuweka majina kwenye kona. Sababu unaijua. Tulirudi kwenye kanga, kazi bila jina la mchoraji, ila safari hii mchoraji mwenyewe ndiye aliyejificha. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alisema hatautia saini ule mswada. Kufikia hapo kulikuwa na vijana waliokuwa wameuawa tayari jana yake, na hilo hakuna bango linalolirudisha.

Desemba mwaka huohuo mchoraji wa katuni za vivuli anayejulikana kama Kibet Bull alitoweka Nairobi. Watu ambao hawajawahi kula naye meza moja walilitaja jina lake mtandaoni kila siku mpaka alipopatikana akiwa hai Januari 2025. Kwa hivyo ukiniuliza kujuana kunasaidia nini, sitaanza na kazi za logo. Nitaanza na hapo.

Wewe uliye na simu na bando ya ishirini bob, historia inakuachia mambo matatu. Weka jina na namba kwenye kona ya kazi yako, kama wale wazee wa mabango, na ukiwa na sababu ya kulificha, wajue angalau watatu wanaojua mkono wako. Usiingie DM ya mtu kuomba. Ingia na swali la kazi uliyoiangalia vizuri, na usipojibiwa, rudi wiki nyingine na lingine. Tatu, mkishazoeana, toeni urafiki kwenye programu. Badilishaneni namba, kutaneni tao, mnywe chai ya mkono mmoja, kwa sababu hiyo programu siku moja itapigwa rangi.

Na ukipata kazi inayokuzidi, mtaje mtu. Usimtaje binamu yako asiyejua kitu. Taja aliyekunja ile kona vizuri. Anko wetu wa kizazi hiki atatoka hapo, na pengine kuna mtu Kisumu au Kakamega anangoja uwe wewe.