Soda ilianza kama dawa ya ubongo (Sehemu ya 3)

Mliniuliza sana kuhusu vijana wetu wa chuo na zile enaji. Nitaanzia mbali kidogo, nivumilieni.

Mwaka 1886, mjini Atlanta, Marekani, mfamasia John Pemberton alitengeneza sharubati ya kuchanganya na maji ya gesi. Iliuzwa senti 5 glasi, kwenye kaunta ya duka la dawa. Ndiyo Coca-Cola hiyo. Ilinadiwa kuwa inatibu kichwa, inatuliza neva na kuchangamsha ubongo uliochoka. Pemberton mwenyewe alikuwa na jeraha la vita, na maumivu yalimfanya ashindwe kuacha mofini. Yaani mtu aliyekuwa anatafuta nafuu yake ndiye aliyetuletea Coca-Cola.

7Up ikaja 1929 ikiwa na lithiamu ndani, hadi 1948. Lithiamu ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wagonjwa wa baipola, wale ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi. Hospitali ukiitumia lazima upimwe damu mara kwa mara. Wenzetu walikuwa wanainywa na barafu, jamani!

Lucozade nayo ilitengenezwa na mfamasia wa Newcastle, Uingereza, 1927, kwa ajili ya wagonjwa. Hiyo tunaijua. Nilipokuwa mdogo nilitamani niumwe ili na mimi niletewe.

Kwa hiyo ahadi ya "kunywa upate akili na nguvu" ni ya zamani. Enaji za Red Bull zilianza kama kinywaji cha Thailand, kipenzi cha madereva wa malori, kabla ya kuingia Austria 1987. Kopo la mililita 250 lina kafeini miligramu 80, na sukari karibu vijiko 7 vya chai.

Sasa turudi kwetu. Usiku mmoja mama alimleta kijana wake wa chuo. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, anasema anahisi atakufa. Mama anaamini katupiwa kitu. Tulipima, hatukukuta malaria. Nikamuuliza kijana pembeni, taratibu: umelala lini? Siku ya tatu hiyo, kuna mitihani. Umekunywa nini? Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja haukutosha.

Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu mwilini. Ya saa 4 usiku, saa 9 alfajiri nusu bado imo. Usingizi ukikatika, wasiwasi unapanda. Asubuhi kachoka, anafungua kopo jingine.

Lakini tusiishie kuilaumu chupa. Utafiti wa wanafunzi zaidi ya 50,000 Norway ulikuta wanywaji wa enaji wanalala vibaya zaidi, ila haukuonyesha kipi kilianza. Yule kijana tulipozungumza zaidi, alikuwa amefeli masomo mawili muhula uliopita na hajamwambia mtu nyumbani. Enaji zilikuja baada ya hapo.

Mama yake alikuwa kwenye benchi nje, ameshika kanga mdomoni. Nilimuuliza kijana, nimwite? Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mwite, dada, ila usiondoke."