Sarafu Zilizozikwa

Binadamu huzika vitu viwili: wafu wake kwa heshima, na mali yake kwa hofu. Maziko ya wafu hufanywa mbele ya jamaa na majirani, na mahali pake hujulikana. Maziko ya mali hufanywa kwa siri, na siri hiyo mara nyingi hufa pamoja na mwenyewe. Ndiyo sababu katika kila nchi iliyopata kuwa na fedha na vita, ardhi imekuwa hazina isiyo na karani wala ufunguo.

Simama, ewe msomaji, katika ufuko wa Mtongwe, bara ya kusini, uikabili bandari ya Kilindini. Mbele yako ni kilindi cha maji kilichoipa bandari jina lake, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Mombasa. Ibn Battuta alifika kisiwani humo mwaka 1331, na Vasco da Gama mwaka 1498. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1505, wakauvamia tena mwaka 1528, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Waarabu wa Omani waliwatoa humo mwaka 1698, baada ya mazingio ya karibu miaka mitatu. Katika siku kama hizo mwenye fedha alikuwa na njia chache: kukimbia nayo, kuitoa kwa adui, au kuifukia.

Tena fedha zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Kilwa ilipiga sarafu zake ndogo za shaba, zenye majina ya masultani. Kutoka China zilikuja sarafu zenye tundu la pembe nne katikati. Mojawapo, ya enzi ya mfalme Yongle aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, ilifukuliwa Mambrui mwaka 2010. Baadaye ilikuja riale ya Maria Theresa, kipande kizito cha fedha chenye mwaka 1780 na uzani wa gramu 28. Zikaja rupia na pesa za Bara Hindi. Ikaja rupia ya mwaka 1888, iliyopigwa kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza na kuandikwa jina la Mombasa. Kisha ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, pamoja na senti zake zenye tundu ambazo babu zetu walizitungia uzi.

Basi si ajabu kijana wa Mtongwe akiuliza: je, chini ya miguu yangu hakuna kitu? Na kama kipo, ni chombo gani kitakachonionyesha? Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu kamili. Lakini jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya elimu ya umeme. Ya pili ni ya elimu ya historia. Anayeshika ya kwanza na kuiacha ya pili hupata chuma na kupoteza habari.

Chombo cha kutambua metali, ambacho katika insha hii tutakiita kitambuzi, kina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na waganga hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule aliyepata sifa kwa simu, alileta chombo chake cha umeme kuitafuta. Hakufaulu, na sababu moja inayotajwa ni kwamba kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma ndani yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia Józef Kosacki, afisa wa Kipolandi, alitengeneza kitambuzi cha mabomu ya ardhini, nacho kilitumiwa na majeshi ya Uingereza katika mapigano ya El Alamein mwaka 1942. Weka akilini kitanda cha Garfield. Kitambuzi hakijui unachotafuta. Hulia kwa metali yoyote iliyo karibu nacho.

Namna kinavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Mwishoni mwa mpini pana duara la waya. Umeme unaobadilika hupita katika waya huo na kupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hurudisha nguvu yake juu. Kitambuzi huisikia nguvu inayorudi na kuigeuza kuwa sauti. Ni kama mtu anayeita penye mwamba akangojea mwangwi.

Lakini mwangwi huu hufifia upesi sana. Kwa kitu kidogo kama sarafu, kina kikizidi mara mbili, nguvu inayorudi hupungua si mara 2 bali karibu mara 64. Kwa sababu hiyo vitambuzi vizuri vya kawaida huisikia sarafu moja katika kina cha sentimita 20 hadi 30, na kupita hapo husikia kimya. Mwenye kukuahidi sarafu moja katika kina cha mita mbili anakuuzia ndoto. Na mwenye kukuuzia kijiti kinachoonyesha dhahabu iliyo nusu kilomita mbali si mfanyabiashara tena, ni mlaghai.

Vitambuzi vyenyewe vyaweza kupangwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza hupeleka umeme wa mawimbi ya polepole bila kukoma. Sifa yake ni kupambanua: huweza kudokeza kama kilichopo ni msumari wa chuma au kipande cha fedha. Kundi la pili hupeleka umeme kwa mapigo mafupi, kisha hunyamaza na kusikiliza. Hili huzama zaidi katika ardhi ngumu kusomeka, lakini halipambanui vizuri, na mwenye kulitumia hana budi kuchimba misumari mingi. Kundi la tatu lina masanduku mawili yaliyotenganishwa kwa kiasi cha mita moja. Hilo huweza kusikia chungu kizima cha fedha au sanduku la chuma zaidi ya mita moja chini, lakini sarafu moja hupita juu yake kama kwamba haipo. Ukubwa wa duara la waya nao una sheria yake: duara pana huona mbali lakini hukosa vidogo, na duara jembamba huona vidogo lakini vya juu tu.

Sasa tazama ardhi ya Mtongwe. Jirani yake pana mahali paitwapo Dongo Kundu, na jina hilo latosha kuwa ushahidi. Wekundu wa udongo ni kazi ya chuma kilichopata kutu na kusambaa kama unga, na unga huo hukipigia kelele kitambuzi. Shuka mpaka penye mikoko, utakuta tope lililolowa maji ya chumvi. Maji hayo nayo hupitisha umeme, na kitambuzi cha kundi la kwanza huweza kuyalilia kana kwamba ni metali. Kwa hiyo, kwa ardhi yekundu na kwa ufuko wa chumvi, chombo cha mapigo chenye duara la kiasi cha sentimita 30 ndicho kingefaa kwa sarafu iliyozama kidogo. Hapo sehemu ya kwanza ya jibu imekwisha.

Sehemu ya pili huanza na methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara ndiyo pia sheria ya kwanza ya mwanaakiolojia. Sarafu iliyoko ardhini ina daftari lake, nalo ni udongo unaoizunguka: tabaka iliyolalia, vigae vilivyo kando yake, makaa ya jiko, mfupa wa samaki. Ukiing'oa sarafu peke yake umechukua mali na kuchana daftari.

Sikiliza mfano wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walipata huko akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa pwani hii, miongoni mwao Ali bin al-Hasan, na maneno ya upande mmoja yaliafikiana kwa kina na maneno ya upande wa pili, kama mishororo ya shairi. Lakini hazikuwa na mwaka. Zile za dhahabu, kinyume chake, zilitoka nchi za mbali na zilikuwa na tarehe, na ya mwisho kabisa ilikuwa ya mwaka 1066. Basi, kwa kuwa zilizikwa pamoja, dhahabu iliishuhudia fedha. Wataalamu waliokuwa wakimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200 iliwabidi wamrudishe nyuma zaidi ya miaka mia moja. Historia ya pwani yetu ilirefuka kwa ushahidi wa vipande vichache. Lau mtu angalitangulia kuichukua ile dhahabu usiku na kumwuzia sonara, fedha yote ingebaki bila umri.

Linganisha na kisa kingine. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizihifadhi, na ni mwaka 1979 ndipo zilipotambuliwa: 4 zilikuwa za Kiholanzi, na 5 zilikuwa za Kilwa. Sarafu za Kilwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi! Habari gani ingekuwa kubwa kuliko hiyo? Lakini ziliokotwa mchangani, peke yake, bila tabaka wala kigae cha kuzisemea. Hata leo hakuna awezaye kuthibitisha nani alizifikisha huko, wala katika karne gani. Tunazo sarafu, habari hatunazo.

Na Mtongwe yenyewe ina onyo lililo karibu zaidi nasi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Kijapani wakiongozwa na Gen Omi walichunguza mahali hapo na kukuta zana za mawe za watu wa kale sana, walioishi maelfu ya miaka kabla ya sarafu yoyote kupigwa duniani. Huo ndio urithi mkongwe wa Mtongwe, nao ni jiwe. Kitambuzi hakilii juu ya jiwe. Mtu aweza kusimama na chombo chake cha thamani juu ya hazina hiyo, asisikie kitu. Kisha akasikia kizibo cha chupa ya soda, akachimba kwa pupa, akayatawanya mawe hayo kama kokoto. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kwa sababu hizi Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yakataza mtu kutafuta vitu vya kale nchini Kenya bila leseni, na yasema kwamba vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali. Usiione sheria hii kuwa ya uchoyo. Mwaka 1992, huko Hoxne nchini Uingereza, Eric Lawes alikuwa akitafuta kwa kitambuzi nyundo ambayo mkulima mmoja aliipoteza. Chombo kikalia, akachimba kidogo, akaona dhahabu na fedha za Kirumi. Akaacha kuchimba. Aliita wenye ujuzi, nao wakafukua karibu sarafu 15,000, hata wakatambua sanduku la mbao lililokuwa limezibeba, ingawa mbao zenyewe zilikuwa zimeoza. Nyundo nayo ilipatikana, na imewekwa katika jumba la makumbusho.

Basi, ewe kijana, ukiniuliza ni chombo gani kitafutacho sarafu zilizozama sana, nitakujibu kwamba ni kijiko cha mwanaakiolojia, chekeche, kalamu na daftari, mikononi mwa mtu mwenye subira na ruhusa. Kitambuzi ni msaidizi wake, si bwana wake. Na ikitokea siku moja, ukilima shamba la mama yako au ukipita ufukweni baada ya mvua, ukaona duara dogo la shaba likichungulia udongoni, liache hapo hapo. Weka alama ya mahali, wala usilisugue, kisha uvuke kivuko uende Ngome ya Yesu ukawape habari walinzi wa makumbusho. Sarafu hiyo imengoja kwa karne nyingi bila kusema neno. Haitashindwa kungoja siku moja zaidi, apatikane mtu atakayejua kuisikiliza.