Bunduki Kuukuu: Ing'arishwe au Iachwe?

Mtu asafiriye kutoka Kitui kwenda kaskazini, akapita Mwingi na Kyuso, hufika Tseikuru, nchi kame ya mibuyu na migunga, isiyo mbali na mto Tana. Kutoka Ukambani vijana wengi walikwenda kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Katika vita vikuu vya dunia walibeba bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ijulikanayo pia kwa kipimo cha risasi yake, yaani .303.

Tuseme bunduki kama hiyo, ambayo serikali imekwisha kuiharibu isiweze kupiga tena, imetolewa kwa halali iwekwe katika chumba cha makumbusho huko Tseikuru. Mbao zake zimepauka na kukwaruzika; chuma chake kina madoa ya kutu. Je, ipigwe msasa na kupakwa vanishi, au iachwe ilivyo? Swali laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa: haki yetu ya kuyarekebisha mambo ya kale yafika wapi?

Wapendao kuing'arisha hawakosi hoja. Ukambani ni nchi ya mafundi wa mbao. Yasimuliwa kuwa Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, naye akawafundisha wenziwe. Fundi wa namna hiyo aweza kukirudisha kitako cha bunduki kiwe kama kipya. Tena, husema, kukionyesha kitu kichafu ni kuwavunjia heshima waliokibeba, na kutu hula chuma kila siku.

Hata hivyo, yafaa tuitazame bunduki yenyewe kabla ya kushika msasa. Katika chuma na katika mbao zake mna alama ndogo zilizogongwa. Hizo hutueleza kama ilitengenezwa Enfield katika Uingereza, Lithgow katika Australia, au Ishapore katika India. Hutueleza na mwaka wake. Alama za mbaoni hazina kina. Msasa wa dakika chache huzifuta zisirudi tena. Hata weusi ulio pale askari alipoegemeza shavu lake ni habari iliyoandikwa pasipo kalamu.

Na habari hizo si za namna moja. Bunduki za aina hii zilikwenda Uhabeshi mwaka 1941. Zilikwenda Burma mwaka 1944, ambako askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, wakiwafukuza Wajapani. Kisha zilibebwa nchini Kenya yenyewe katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, na safari hii zilielekezwa kwa wananchi. Habari ya kwanza twajivunia. Ya pili hutuumiza. Lakini ubao waweza kuwa ni ule ule mmoja, na msasa haujui kuchagua: ufutapo aibu hufuta na fahari.

Yupo atakayejibu kuwa majeshi yenyewe yalizitengeneza upya bunduki hizi. Ni kweli. Baada ya vita nyingi zilirudishwa viwandani, zikabadilishwa mbao na kupakwa rangi nyeusi. Lakini wale mafundi waligonga herufi FTR, na mara nyingi mwaka wa kazi hiyo, kuonyesha kuwa bunduki imefanyiwa matengenezo makubwa. Hawakujifanya kuwa kitu ni kipya. Matengenezo yaliyoandikwa huwa sehemu ya historia; yaliyofichwa huwa uongo.

Hapo ndipo tupatapo kanuni. Ndani ya kitako cha Lee-Enfield mna tundu la kuwekea kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, na askari aliamriwa kuzipaka mbao mafuta ya kitani. Basi kutunza si kosa. Kutu izuiwe kwa mafuta mepesi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini. Mbao zilizokauka zipakwe mafuta kidogo. Lakini msasa na vanishi viwekwe kando, na kila lifanywalo liandikwe daftarini pamoja na tarehe. Mafuta yakizidi hufutika. Alama iliyokwisha kusuguliwa hairudi, na majuto ni mjukuu.

Msomaji, huenda kwenu hamna bunduki, wala haifai iwepo pasipo idhini ya sheria. Lakini huenda mna nishani ya babu, barua yake, au kikasha cha bati alichotilia kipande chake shingoni. Siku utakapotaka kukisugua king'ae, kwanza kisome.