Upakiaji wa Ngazi za Maeneo kwa Lahajedwali: Mfano wa Arusha na Meru

Upakiaji wa maeneo kwa mkupuo ni kazi ya kuingiza katika programu ya biashara orodha nzima ya maeneo, kwa faili moja la lahajedwali, badala ya kujaza fomu ya eneo mojamoja. Orodha za wateja na bidhaa hupakiwa vivyo hivyo, lakini katika hizo kila mstari hujitegemea. Eneo lina mzazi, na mstari wa mtoto hauna maana pasipo wa mzazi.

Ngazi ni za aina tatu. Za ghala hushuka kutoka tawi hadi stoo na rafu. Za mauzo hugawa nchi kwa kanda na njia za usambazaji, kwa matakwa ya kampuni. Za kiutawala huwekwa na serikali: mkoa, wilaya, halmashauri, tarafa, kata, kisha mtaa au kijiji na vitongoji vyake. Aina hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kampuni haina mamlaka ya kuirekebisha.

Mkoa wa Arusha una wilaya sita na halmashauri saba. Tofauti hiyo inatoka Arumeru, wilaya moja yenye halmashauri mbili: ya Meru na ya Arusha. Hivyo jina Arusha hubebwa na mkoa, wilaya, jiji na halmashauri ya wilaya, na hii ya mwisho haimo katika Wilaya ya Arusha, ingawa inalizunguka Jiji. Programu inayomtafuta mzazi kwa jina pekee itaziweka kata za Kisongo na Ilboru chini ya Jiji, na ripoti ya mauzo itatoka nadhifu lakini ya uongo.

Kina cha ngazi pia hakilingani. Mamlaka za wilaya zimewekwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, na za miji na Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo. Kata ya mjini, kama Kaloleni au Ngarenaro, hugawanyika kwa mitaa; kata ya vijijini, kama Ngarenanyuki, kwa vijiji na kisha vitongoji. Mji mdogo, kama Usa River, una vitongoji bila kijiji juu yake. Programu inayodai kila tawi la mti wa maeneo liwe na hatua sawa humlazimisha mtumiaji kubuni kijiji kisichokuwepo. Hilo ni kosa la programu, wala si la Usa River.

Lahajedwali lenyewe huandikwa kwa maumbo mawili. Katika jedwali la njia, kila ngazi ina safu wima yake, na mstari mmoja husomeka kutoka mkoa hadi mtaa. Ni rahisi kwa jicho, ila jina la mkoa hurudiwa katika kila mstari, na kosa moja la tahajia huzaa mkoa wa pili. Katika jedwali la mzazi, kila eneo lina mstari mmoja wenye msimbo, jina, ngazi na msimbo wa mzazi. Wazazi hutangulia watoto. Umbo hili ni gumu kusoma, lakini ndilo la kuaminika, na ndilo linalomeza kina kisicholingana bila seli tupu.

Msimbo ni alama isiyobadilika ya eneo. Jina ni maelezo yake tu. Katika misimbo ya sensa, Arusha ni 02. Excel huusoma msimbo huo kama namba na kubakiza 2, na mtoto ambaye mstari wake bado unamtaja mzazi 02 hukosa mzazi. Dawa ni kuzipa safu za misimbo, ya eneo na ya mzazi, umbo la maandishi kabla ya kuandika chochote. Postikodi za Arusha huanza na 23, hivyo haziathiriwi, lakini hukomea kwenye kata; haziwezi kutofautisha mitaa.

Majina yana mitego yake. Sokon I imo Jijini, Sokon II katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na tarakimu ya Kirumi hugeuzwa kirahisi kuwa 1. Unga Limited huandikwa pia Unga LTD. King'ori na Seela Sing'isi zina ritifaa, na ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta.

Vitendo vya upakiaji ni vinne: kuongeza, kusahihisha, kuhamisha na kusitisha. Kufuta hakumo, kwani eneo lenye miamala likifutwa, miamala hiyo hubaki bila mahali. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, ukachukua Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro. Mauzo ya Babati ya mwaka 2001 ni ya Mkoa wa Arusha, na ya 2003 ni ya Manyara. Ni jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kukoma kwa kila uhusiano wa mzazi na mtoto pekee linaloweza kutunza kweli zote mbili.